Meza ya Vitabu: Soseji za Fagin

Mwezi uliopita niligusia hapa riwaya ya Oliver Twist ya Mwingereza Charles Dickens, iliyotoka jaridani kila mwezi kati ya 1837 na 1839. Ni habari za mtoto anayezaliwa katika nyumba ya maskini, mama yake anakata roho palepale, naye anakua kwa njaa na mateso mpaka anatoroka na kuangukia mikononi mwa Fagin, mzee wa London anayefuga watoto wa kumwibia. Niliandika mistari michache tu nikidhani imetosha. Barua zilizokuja zinasema haikutosha. Nimechagua tano, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa. Wengine mtaniwia radhi.

*Kamwene mzee. Nipo Mafinga, nauza nguo za mitumba. Namlea mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka 14, kidato cha kwanza. Mwalimu wake wa Kiingereza amemwazima hicho kitabu chako, kile kilichofupishwa, na jioni ananisimulia nikiwa napika. Juzi akaniuliza: "Mama mdogo, mbona mwalimu anasema Fagin ni mtu mbaya, na yeye ndiye aliyempa Oliver soseji?" Nikakosa jibu, nikamwambia achunge moto. Sasa nina hofu nyingine. Kuna kijana wa pale stendi anamnunulia chipsi mayai mara kwa mara, na wiki iliyopita mtoto kaja na simu, anasema kaachiwa aitunze. Sijui kama haya ni maswali mawili au ni moja.*
— Mama mdogo, Mafinga

Kamwene, dada yangu. Ni moja. Na mwanao amekisoma kitabu vizuri kuliko watu wengi waliokifundisha. Mrudie swali lake, jibu lipo kwenye kurasa zilizotangulia hizo soseji.

Hebu tuhesabu Oliver alikuwa amekula nini mpaka siku ile. Alipokuwa mdogo aliwekwa kwa mama mmoja aitwaye Mann, aliyelipwa peni saba na nusu kwa wiki kwa kila mtoto, na sehemu kubwa ya fedha hiyo akaila mwenyewe. Alipotimiza miaka tisa akarudishwa nyumba ya maskini: uji mwembamba mara tatu kwa siku, kitunguu mara mbili kwa wiki, nusu skonzi Jumapili. Dickens anasema mabakuli hayakuhitaji kuoshwa, watoto waliyakwangua kwa vijiko mpaka yakang'aa. Mvulana mmoja mrefu, ambaye baba yake aliwahi kuwa na mgahawa mdogo na kwa hiyo hakuizoea njaa, akawaambia wenzake kwamba asipopata bakuli la pili, usiku mmoja huenda akamla anayelala pembeni yake. Walimwamini. Wakapiga kura nani aende kuomba, ikamwangukia Oliver. Akaomba aongezewe, akapigwa upawa wa kichwa, akafungiwa peke yake, na kesho yake tangazo likabandikwa getini: pauni tano kwa yeyote atakayemchukua.

Akachukuliwa na mwenye duka la majeneza. Chakula chake cha kwanza mle ndani kilikuwa makombo aliyowekewa mbwa, na kitanda chake chini ya kaunta, katikati ya majeneza. Kijana mkubwa wa mle dukani alipomtukania mama yake, Oliver akampiga, akachapwa, alfajiri akatoroka. London ilikuwa maili 70, kama kilometa 112, yaani ni zaidi ya kutoka hapo kwako Mafinga mpaka Iringa mjini, kwa miguu, na mfukoni ana peni moja na ukoko wa mkate. Siku ya saba akakaa kizingitini katika mji wa Barnet, miguu inatoka damu, watu wanapita. Aliyesimama ni mvulana wa rika lake, Jack Dawkins, amevaa koti la mtu mzima lililomfika visiginoni. Akamnunulia mkate na nyama ya nguruwe. Usiku akampeleka kwa Fagin, wakamkuta mzee amesimama kando ya moto na uma mkononi, soseji zinakaangwa.

Kwa hiyo mtoto wako hajakosea hata kidogo. Wote waliopewa dhamana ya kumlisha Oliver, wengine wakilipwa kwa kazi hiyo, walimnyima. Njiani walimsaidia watu wawili tu, mzee wa kizuizi cha barabara na bibi mmoja maskini, nao walikuwa na kidogo. Aliyempa chakula cha moto na mahali pa kulala ni mwizi. Ukimwambia mtoto wa miaka 14 kwamba hilo halina uzito, atajua unamdanganya, na kesho hatakuuliza tena.

Sasa mwonyeshe kinachofuata soseji. Fagin hamwamrishi Oliver kitu. Anaanzisha mchezo. Anaweka kisanduku cha tumbaku mfuko huu, pochi mfuko ule, saa kwenye kizibao, leso kwenye koti, halafu anatembea mle chumbani kama mzee anayetazama maduka, na wavulana wawili wanamfuata nyuma. Mmoja anamkanyaga kidogo kiatu, mwingine anamgonga kwa nyuma, na kufumba na kufumbua vitu vyote vimetoka. Akihisi mkono mfukoni anataja mfuko gani, mchezo unaanza upya. Oliver anacheka mpaka machozi. Baadaye siku hiyohiyo anaambiwa ajaribu naye, anaichomoa leso bila mzee kuhisi, anapewa shilingi nzima na kusifiwa. Halafu anapewa sindano, kazi yake kufumua herufi zilizodariziwa kwenye leso, yaani majina ya wenyewe, ili ziuzike. Anafumua siku nyingi. Hajui anafanya nini.

Kuna jambo moja ambalo walimu wengi hawalisemi, na mwanao anastahili kulijua. Mwaka 1824 baba yake Dickens alifungwa gerezani Marshalsea, London, kwa sababu ya madeni, na mwaka huohuo Charles, mwenye miaka 12, alipelekwa kiwanda cha dawa ya viatu kubandika lebo kwenye makopo. Siku moja alishikwa na maumivu makali ya ubavu. Mvulana mkubwa kidogo kiwandani pale akamlaza kwenye majani makavu, akajaza maji ya moto kwenye chupa tupu za dawa ya viatu, akawa anamkanda nazo nusu ya siku, na jioni akataka kumsindikiza nyumbani. Mvulana huyo aliitwa Bob Fagin. Miaka kumi na kitu baadaye Dickens alipotafuta jina la mzee mwizi, akachukua hilo. Wapo waliojaza vitabu vizima wakieleza kwa nini. Mimi naona tu kwamba wema ule wa jikoni kwa Fagin haukubuniwa kutoka hewani. Mwandishi alijua mtoto mwenye njaa anavyomtazama anayemkanda ubavu.

Haya, turudi Mafinga. Huyo kijana wa stendi simjui, na chipsi mayai si kosa la jinai. Lakini simu ya mtu mzima haitunzwi na mtoto wa kidato cha kwanza. Usimchape. Ukimchapa utakuwa umemsaidia yule kijana, kwa sababu mtoto atatafuta pa kupumulia na pale stendi pana nafasi. Keti naye, muulize taratibu: baada ya chipsi, kaka anakuomba nini? Kumpelekea mzigo? Kukaa mahali na kutazama nani anapita? Simu irudi leo hii, na isirudi mkononi mwa mtoto peke yake. Nenda na mwenyekiti wa mtaa, au mjomba kama yupo, mkamkabidhi kijana mbele ya watu, kwa heshima, bila kumwita mwizi. Kama simu si yake, hapo mwenyekiti atajua njia ya polisi.

Na jambo la mwisho, naomba usilichukulie kama lawama, najua mitumba ilivyo na najua baridi ya Mafinga mwezi wa saba. Mtoto anatoka shule saa ngapi, na anakula saa ngapi? Kama anatoka saa tisa na nusu na wewe unafunga genge saa moja usiku, hayo masaa katikati ndiyo ya yule kijana. Acha viazi kwenye hotpoti, au aje ale hapo gengeni kwako huku anakukunjia nguo. Kitabu aje nacho.

*Shikamoo mzee. Nipo kidato cha tano hapa Mbeya. Mimi naona Dickens anatudanganya. Oliver kalelewa na watu wasio na huruma, hajafundishwa kitu, lakini anaongea kama mtoto wa askofu, hatukani, haibi, na mwishoni anagundulika ni mtoto wa mtu mwenye mali. Je, angekuwa mtoto wa maskini kwelikweli ingekuwaje?*
— Mwanafunzi, Mbeya

Marahaba mwanangu. Hapo umemkamata. Oliver ndiye mhusika dhaifu kuliko wote katika kitabu chenye jina lake. Ukitaka mtoto aliye hai, mtazame Jack Dawkins, yule aliyempokea Barnet. Anapokamatwa kwa kisanduku cha tumbaku ya kunusa, anaingia mahakamani mkono mmoja mfukoni, anauliza wanamweka pale kwa haki gani, anawatisha mahakimu kwamba wakili wake atawashughulikia. Watu wanacheka. Halafu anatolewa, na wenzake wanajua kinachomngoja: meli ya kwenda Australia, maisha. Hana baba tajiri wa kugundulika ukurasa wa mwisho. Na Dick, rafiki mdogo wa Oliver kule kwa mama Mann, aliyembusu akimtakia heri alipokuwa anatoroka, Oliver anarudi kumchukua akiwa na nguo nzuri na kumkuta ameshakufa.

Mambo ya urithi yenyewe nitayapita haraka, yamefungwa kama furushi. Baba aliacha wosia kwamba mtoto atapata mali iwapo hatalichafua jina lake kwa kosa la aibu kabla ya utu uzima. Kaka wa baba mmoja, anayejiita Monks, anamlipa Fagin amgeuze Oliver mwizi ili akose. Ni hila nzuri ya kusukuma hadithi, basi.

Lakini swali lako la mwisho lina jibu ndani ya kitabu, na jibu si urithi. Ni muuza vitabu. Utasema navutia kwangu, na kweli navutia kwangu, mimi ninayeuza vitabu vya mitumba chini ya turubai Mwanjelwa, hapa Mbeya.

Sikiliza. Oliver anatoka na Dawkins na mwenzake Charley Bates, wale wavulana wawili wa mchezo, kwa mara ya kwanza. Mzee mmoja, Brownlow, amesimama kwenye meza ya vitabu barabarani, amezama kusoma, hajui dunia iko wapi (wateja hawa nawajua, wanasoma sura tatu bila kununua). Wale wawili wanamchomolea leso. Oliver anaona, anaelewa kila kitu kwa mpigo mmoja, zile leso, zile saa, ule mchezo, na kwa hofu anakimbia. Mzee anageuka, anamwona mtoto anakimbia, anapiga kelele za mwizi. Hapo Dickens anaandika ukurasa ambao mtu wa Mwanjelwa hahitaji kufafanuliwa. Mwenye duka anaacha kaunta, mchinjaji anatupa sinia, muuza maziwa ndoo, mtoto wa shule gololi zake, wote mbio. Hakuna hata mmoja aliyeona wizi. Na wanaopiga kelele za mwizi kwa bidii kuliko wengine ni Dawkins na Bates wenyewe. Mtu mmoja anamrukia Oliver na kumpiga mdomoni mpaka anaanguka, halafu anagusa kofia kwa mzee kama anayesubiri bakshishi.

Mahakamani, hakimu Fang hataki maelezo. Mtoto anazimia kwa homa, hakimu anasema anajifanya, anampa miezi mitatu kazi ngumu. Shauri limekwisha. Ndipo anaingia mtu mmoja anahema, kavaa suti nyeusi iliyochakaa, anasema msimchukue, mimi niliona, wezi walikuwa wengine. Hakimu anamwuliza kwa nini hakuja mapema. Anajibu kwamba hakuwa na mtu wa kumwachia duka, wote waliokuwa karibu walikuwa wamekwenda kumfukuza mtoto, amepata mtu dakika tano zilizopita na amekimbia njia nzima.

Dickens hakumpa hata jina. Anatoka kwenye hadithi na hatumsikii tena akisema neno. Lakini toa mtu yule, na Oliver anakwenda jela, Brownlow hampeleki nyumbani kwake, picha ya mama yake Oliver ukutani haionekani, urithi haupo. Kwa hiyo mwanangu, Oliver asiye na baba tajiri angehitaji kitu kilekile: mtu mmoja aliyeona, akaacha biashara yake mchana, akaenda kusema. Wewe mwenyewe unajua pale sokoni ikipigwa kelele ya mwizi ni wangapi wanaokota jiwe, na wangapi wanauliza nani ameona.

*Hizo nyumba za maskini zilikuwepo kweli au ni chumvi ya mwandishi?*
— Msomaji, Tunduma

Zilikuwepo. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mpya ya maskini mwaka 1834, Dickens akaanza kuandika chini ya miaka mitatu baadaye, hasira bado ya moto. Fikra ya sheria ilikuwa kwamba anayetaka msaada aingie ndani ya nyumba hiyo, na maisha ya ndani yawe mabaya kuliko ya kibarua wa chini kabisa aliye nje, ili asiingie ila aliyeshindwa kabisa. Mume alitengwa na mke, watoto na wazazi. Kazi ya Oliver ilikuwa kufumua kamba kuukuu kuwa nyuzi za kuzibia nyufa za meli, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Chumvi imo, ndiyo, Dickens hakuwa mtu wa kupika bila chumvi. Hata jina la Oliver lilitolewa na tarishi wa parokia, Bumble, kwa kufuata alfabeti: aliyetangulia alipewa Swubble, yeye Twist, anayefuata angekuwa Unwin. Anajivunia kabisa, ameshayapanga majina mpaka mwisho wa herufi.

*Bwana mwandishi, nimenunua nakala kamili kwa ajili ya maktaba yetu ya kanisa. Fagin anaitwa "yule Myahudi" karibu kila ukurasa. Tena kuna mwanamke anauawa kwa kipigo. Niwape vijana?*
— Mzee wa kanisa, Njombe

Umeona sawasawa, na si wewe wa kwanza. Mwaka 1863 mama mmoja wa Kiyahudi, Eliza Davis, alimwandikia Dickens akamwambia wazi kwamba amewadhulumu watu wake. Mwanzoni Dickens alijitetea. Lakini katika riwaya yake ya Our Mutual Friend, iliyotoka 1864 na 1865, akamweka mzee Myahudi mwema aitwaye Riah, na Oliver Twist ilipochapwa upya mwaka 1867 akafuta neno hilo sehemu nyingi na kuweka jina la Fagin au "yeye". Hakulifuta lote. Yapo matoleo yanayofuata maandishi ya mwanzo, nadhani ndilo ulilonalo. Ningewapa, na ningewasimulia habari za mama Davis kwanza, wajue kwamba msomaji anaweza kumwandikia mwandishi mkubwa na akasikilizwa.

Kuhusu Nancy, mwanamke uliyemtaja, kifo chake ni kizito na hakikuwekwa kwa kufurahisha mtu. Anauawa na Sikes, mwanaume anayeishi naye, kwa sababu alikwenda usiku kwa siri kumtetea mtoto asiye wake. Kama katika vijana wako hakuna anayejua nyumba ambayo mwanamke anapigwa, sawa, ngoja wafike miaka 15. Lakini sidhani kama Njombe ina kanisa la namna hiyo, wala Mbeya.

*Nataka kununua. Nikimaliza hicho nisome nini kingine cha yatima wa zamani?*
— Msomaji, Vwawa

Cosette, ndani ya Les Misérables ya Mfaransa Victor Hugo, 1862: mtoto anaachwa na mama yake kwa wenye nyumba ya wageni, mama anatuma fedha mpaka anauza nywele na meno, na fedha hizo haziendi kwa mtoto. Ni kitabu kinene, chukua kilichofupishwa kwanza. Halafu Jane Eyre ya Charlotte Brontë, 1847, yatima wa kike anayejibu. Oliver hajibu, Jane anajibu, na ukitoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine utahisi mapafu yanafunguka.

Ukinunua Oliver Twist ya mitumba, kwangu au kwa mwingine, fungua nyuma kabla hujatoa fedha. Nakala kamili ina sura 53. Nyingi zinazoletwa na marobota zimechanika mwishoni, na utasoma mpaka Sikes yuko juu ya paa na kamba mkononi, halafu gamba.